Mbwa wa Marehemu Mume Wangu Amemuuma Mtoto, na Nyumba Imegawanyika

Kwako Mama Mshauri,

Pokea salamu zangu kutoka Kiamunyi, hapa Nakuru. Nimesoma safu yako miaka mingi na sikuwahi kudhani kwamba siku moja nitakuandikia kuhusu mbwa. Lakini jambo hili limeninyima usingizi tangu Jumamosi, na naona si la mbwa peke yake.

Mume wangu alifariki miaka miwili iliyopita, mwezi wa Julai. Aliniachia watoto wawili, msichana ambaye sasa ana miaka 12 na mvulana wa miaka 5. Alituachia pia Simba. Simba aliletwa nyumbani akiwa kitoto, ndani ya koti la mvua la mume wangu, siku ambayo barabara yetu ilikuwa imegeuka mto. Sasa ana miaka 9. Ni mbwa wa kienyeji tu, rangi ya udongo, sikio moja limekatika nchani. Jioni mume wangu alikuwa akikaa kwenye ngazi za mlango wa jikoni kutazama Menengai ikipotea gizani, Simba upande mmoja na binti yetu upande wa pili. Walikuwa na mazungumzo yao ambayo mimi sikuyafuatilia, nilikuwa na sufuria jikoni.

Baada ya mazishi mama mkwe alihamia kwetu, na shemeji yangu pia. Sina neno baya juu yao. Karo ya muhula uliopita ni shemeji aliyelipa. Ndiye pia aliyechukua jukumu la mbwa. Zamani Simba alitembea uani apendavyo na kulala mlangoni. Siku hizi anafungwa mnyororo nyuma ya jikoni kutwa nzima, anafunguliwa saa nne usiku ili alinde.

Tangu Pasaka alianza kunguruma. Mara ya kwanza mvulana wangu alikuwa amemkaribia akila. Mara ya pili alijaribu kumpanda mgongoni, kama alivyozoea tangu utotoni. Shemeji alisema mbwa lazima ajue mkubwa ni nani, na kila aliponguruma alichapwa kwa mpira wa maji. Haukupita mwezi, akaacha kabisa kunguruma. Tulishukuru, nami nilikuwa wa kwanza kushukuru.

Sasa ni likizo ya Agosti, na mtoto wa wifi yangu, mwenye miaka 6, yuko kwetu. Jumamosi shemeji alikuwa anaosha kibanda, kwa hiyo Simba alikuwa amefunguliwa, amelala kivulini karibu na tangi la maji. Mtoto yule akaenda akamlalia kiunoni, akamkumbatia. Nilikuwa naanika nguo, Mama, niliona kwa macho yangu. Mkia ulikuwa unatikisika. Hakunguruma, hakubweka. Aligeuka mara moja akamuuma mkono. Matundu mawili ya meno na mkwaruzo, damu ikatoka.

Nilipopiga kelele alilaza masikio, akaficha mkia katikati ya miguu, akakataa kunitazama. Hapo ndipo moyo uliponiuma zaidi, kwa sababu alijua amekosa.

Mama mkwe aliosha kidonda kwa maji ya chumvi akapaka mafuta ya taa. Mtoto alinyamaza, akacheza, hatukwenda hospitali. Kadi ya chanjo ya Simba nimeiona, sindano ya mwisho ni ya wakati wa uhai wa mume wangu.

Binti yangu siku hiyo alilia akisema, "Nilimwambia! Nilimwambia Simba hataki!" Anadai kabla ya kuuma mbwa alilamba pua, akageuza uso, akapiga mwayo. Anasema baba yake ndiye aliyemfundisha kuangalia hayo. Nilidhani anamtetea tu, nikamwambia aingie ndani.

Mama mkwe anasema mbwa akishaonja damu ya mtu hataacha. Shemeji anamjua mtu wa kutia dawa kwenye nyama, ni kazi ya usiku mmoja. Wifi amenipigia simu akaniuliza kama nimempenda mbwa kuliko mwanawe. Binti yangu amehamishia godoro lake chumba cha nyuma, dirisha linalotazama kibanda, na amesema Simba akiuawa hatarudi shule. Mimi nimenyamaza tu. Nikikubali, nitakuwa nimeondoa kwa ruhusa yangu kitu ambacho baba yao alikibeba kifuani hadi humu ndani. Nikikataa, na kesho akamuuma mwanangu usoni, nitamwambia nani?

Niambie, Simba amekuwa mbaya? Na mbwa anayeuma bila onyo, anaweza kuaminika tena?

Ni mimi, Mama wa Wawili,
Kiamunyi.

*

Mama wa Wawili, mwanangu,

Barua yako ilinifikia Jumanne, na siku hiyo hiyo nilikupigia kwa ile nambari uliyoacha, kwa sababu kulikuwa na jambo ambalo halikuweza kusubiri kuchapishwa. Nashukuru ulinisikiliza, na kwamba Jumatano asubuhi mtoto wa wifi yako alipelekwa hospitali na kuanza sindano. Kwa ruhusa yako nalirudia hapa, maana najua nyumba nyingi kuanzia Njoro hadi Kisumu ambako kidonda kidogo cha mbwa hupakwa kitu na kusahauliwa.

Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, kinazuilika. Kidonda kinaoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili kwa saa, hata kikiwa mkwaruzo tu. Mafuta ya taa, pilipili, majivu na kitunguu haviui ugonjwa, vinachubua nyama. Kisha ni hospitali siku hiyo hiyo, na ratiba ya sindano ifuatwe hadi ya mwisho bila kuruka. Chanjo hii ilianza na mtoto: mwaka 1885 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alimtibu mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa huko Alsace, wakati huo chini ya Ujerumani, naye akaishi hadi utu uzima. Watoto ndio huumwa sana, kwa sababu wao ndio huwakaribia mbwa, na ndio wafupi, uso wao uko sawasawa na mdomo wa mbwa.

Mbwa mwenyewe, akiwa hai na mwenye afya, huwekwa mahali salama na kutazamwa siku 10. Aliyekuwa na ugonjwa kwenye mate yake siku alipouma, hudhoofika au hufa ndani ya siku hizo. Ndiyo maana nilikuomba umzuie shemeji asifanye lile la nyama. Mbwa akiuawa haraka, tunapoteza njia nyepesi kuliko zote ya kujua kama mtoto yuko hatarini. Katika siku hizo hakuna mtoto anayemsogelea, chakula anasukumiwa kwa mbali, na akibadilika kwa namna yoyote, akidondosha mate, akishindwa kumeza, akipepesuka, daktari wa mifugo anaitwa na hospitali inaarifiwa siku hiyo.

Basi, turudi nyumbani kwako.

Umeniuliza maswali mawili, na yote yamesimama juu ya neno moja: bila onyo. Nimesoma barua yako mara nne, na kila mara naona maonyo. Unayo kwa mwandiko wako mwenyewe.

Simba alianza kunguruma tangu Pasaka. Kunguruma si ukali ulioanza. Ni mbwa anayesema, nimefika mwisho wa uvumilivu wangu, tafadhali usiendelee. Daktari mmoja wa mifugo wa Uingereza, Kendal Shepherd, alilichora jambo hili kama ngazi. Chini kabisa mbwa hupiga mwayo ilhali hana usingizi, hupepesa macho, hulamba pua ilhali hakuna chakula. Asiposikizwa hugeuza uso, halafu hugeuza mwili mzima, halafu huondoka. Asipoweza kuondoka hujikunyata, hulaza masikio, huficha mkia. Juu zaidi hukauka, anakuwa kama gogo, anakodoa. Kisha hunguruma, kisha hung'ata hewa. Kuuma ndiko juu kabisa. Mbwa hapandi kila kipandio kila siku, na mwingine hupanda upesi kuliko mwenzake, lakini aliye chini huwa anaomba jambo dogo sana: nipe nafasi.

Sasa tazama tulichofanya, na nasema tulichofanya kwa sababu karibu kila boma nililokulia mimi lilifanya hivyo. Simba aliponguruma alichapwa. Alichojifunza si kumpenda mtoto. Alijifunza kwamba kunguruma kunaleta mpira wa maji, na mtoto akiwa karibu, maumivu pia yako karibu. Akaacha kunguruma, nanyi mkaona amepona. Hofu ilibaki mahali pake, sauti ndiyo iliyoondolewa. Na mnyororo nao ulikata kipandio kingine, maana mbwa aliyefungwa hana pa kuondokea. Siku alipofunguliwa na mtoto akamlalia, alibaki na vile vidogo vya chini ambavyo mtu mzima anayeanika nguo hawezi kuviona, na kile cha juu kabisa.

Kuna mmoja aliyeviona. Simba alilamba pua, akageuza uso, akapiga mwayo: binti yako amekutajia kwa usahihi ambao ungenifanya nimvulie kitambaa. Mtoto wa miaka 12 akitunga uongo wa kumtetea mbwa angesema Simba alichokozwa, alikanyagwa, alivutwa sikio. Asingetunga mwayo. Hayo ndiyo mazungumzo ya kwenye ngazi za jikoni ambayo hukuyafuatilia, mwanangu. Baba yake alikuwa anamfundisha kusoma.

Umeshangazwa na mkia. Wengi huumwa wakiutazama. Mkia unaotikisika unaeleza kwamba mbwa amesisimka, hauelezi peke yake kwamba amefurahi. Mbwa mwenye furaha hutikisa mkia mpana, uliolegea, hadi kiuno kinayumba nao, na uso wake ni laini, mdomo wazi kidogo. Mkia ulioinuka na kukakamaa, unaotetema kwa haraka kama waya uliopigwa na upepo, ni jambo jingine, na mkia wa chini unaotikisika nchani tu ni jambo jingine tena, mara nyingi ni wasiwasi. Mwaka 2007 watafiti wa Italia waliwapima mbwa 30 wakaona kwamba mbele ya mwenyewe mkia ulivutika zaidi upande wa kulia, na mbele ya mbwa mgeni mwenye nguvu ulivutika kushoto. Sikutumi ukapime kulia na kushoto. Nakutajia hilo ujue kuwa mkia una maneno mengi, na hausomwi bila masikio, macho, mdomo na uzito wa mwili. Kama ungekuwa karibu Jumamosi, naamini ungeona weupe wa jicho umejitokeza pembeni kama mwezi mwandamo, kichwa kimekaa huku jicho limekwenda kule kwa mtoto. Ukiuona weupe huo kwa mbwa aliyekumbatiwa, mtoe mtoto polepole, usisubiri jingine.

Hata kukumbatia kwenyewe ni lugha yetu, si yao. Mtoto hukumbatia kwa upendo. Mbwa huhisi amebanwa asiweze kuondoka. Wapo wanaovumilia kwa sababu ya mtu, kama Simba alivyomvumilia mwanao miaka yote alipompanda mgongoni, nasi tukauita uvumilivu ule mchezo. Na huyu alikuwa amelala. Wazee walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Walikuwa na maana yao, lakini kwa mbwa mzee lichukue kama lilivyo.

Halafu lile la hatia. Umeandika kwamba lilikuuma kuliko damu, kwa hiyo naliendea taratibu. Alilaza masikio, akaficha mkia, akakwepa macho yako, nawe ukasoma: ninajua nimekosa. Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa Marekani alilijaribu hili kwa mbwa 14 na wenye mbwa wao. Chakula kiliachwa mbele ya mbwa, mwenyewe akamkataza kukila, akatoka. Aliporudi aliambiwa mbwa amekula au hakula, na mara nyingine aliambiwa yasiyo kweli. Sura ile ya hatia haikufuata kosa. Ilifuata kukemewa, hata kwa mbwa ambaye hakugusa kitu. Simba alipokunyenyekea Jumamosi alikuwa anasoma sauti yako na mwili wako, anakuomba usimdhuru. Sisemi hakuhisi chochote, sijaingia moyoni mwake. Nasema tu kwamba ule mzigo wa "alijua na bado akafanya" pengine si wako kuubeba.

Kuna mstari mwingine uliupitia haraka, nami nilisimama hapo. Simba ana miaka 9, na mtoto alimlalia kiunoni. Nilipokuuliza kwa simu kama anasimama vizuri asubuhi, ulinyamaza kidogo, ukasema siku hizi anaanza kwa miguu ya mbele, anangoja, ndipo anainua ya nyuma, na binti yako hubisha kwamba mguu wa kushoto unamuuma. Mbwa wa umri huo huumwa nyonga na viungo kama sisi, huumwa meno na masikio, na mbwa mpole aliyeanza kunguruma akiguswa, wakati mwingine anachosema ni hapo panauma. Siwezi kukuambia ndivyo ilivyo. Daktari wa mifugo anaweza, kwa mikono yake, nawe mwambie mapema kwamba ameuma mtu na yuko ndani ya siku 10. Tafadhali usimpe dawa zetu za maumivu kutoka kabatini, nyingine humuua mbwa.

Shemeji usimchukie. Amelipa karo, amebeba boma lisilokuwa lake, na alifanya alilofundishwa. Hiyo hadithi ya mbwa kujua mkubwa ni nani ilienea kutokana na mbwamwitu wageni waliofungiwa pamoja na kutazamwa wakigombana. David Mech, mtafiti Mmarekani aliyeieneza sana, baadaye aliwachunguza walio huru, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao ni baba, mama na watoto wao. Hawapiganii ukubwa, wanalea. Unaweza kumwambia shemeji hivyo, au umwambie neno jepesi zaidi: shemeji, alipokuwa ananguruma tulikuwa tunajua.

Sasa, ufanye nini? Sitakukatia shauri, maana mimi sitalala katika nyumba hiyo. Acha tutembee pamoja kwenye njia zilizopo.

Waweza kubaki naye. Njia hii haina maana ya kurudi kama zamani. Ina maana ya uzio halisi ndani ya ua, lango lenye komeo ambalo mtoto wa miaka 5 hafikii, chakula anachokula peke yake bila kusumbuliwa, mnyororo kuondolewa ili awe na pa kwenda, chanjo kila mwaka, na sheria kwamba hakuna mtoto anayekuwa na Simba bila mtu mzima aliye karibu na anayetazama. Kutazama, si kuanika nguo. Hatari yake haiko kwa mbwa sana, iko kwetu. Siku moja mgeni ataacha lango wazi. Siku moja umeme utapotea, na wewe utakuwa jikoni. Nyumba yenu ina watu watatu wazima, na ikiwa wawili hawaamini sheria hiyo, haitadumu wiki mbili. Jiulize kwa ukweli, ni nani atakayelifunga komeo siku uliyochoka?

Waweza kumpeleka kwingine, kwa mtu mzima asiye na watoto wadogo, labda upande wa mashamba. Njia hii inampa mwanao usalama na inamwachia Simba uhai. Lakini lazima umwambie anayempokea kila kitu, pamoja na kuuma, ama utakuwa umehamisha hatari kwa mtoto wa mwingine. Mbwa mzee huteseka akihamishwa, na si kila anayesema "nitamtunza" ana maana zaidi ya mnyororo mwingine. Kumshusha barabarani usiku, wako wanaofanya hivyo, si kumpeleka kwingine.

Na iko njia ya kumlaza milele kwa sindano ya daktari wa mifugo, baada ya siku 10 na baada ya kuchunguzwa. Sitaiita ukatili. Kuna mbwa ambao maumivu yao hayatibiki, au hofu yao imefika mahali ambapo hakuna uzio unaotosha, na mzazi ana haki ya kuliweka mbele shavu la mtoto wake. Ukifika huko, ifanywe mchana, kwa mkono wa anayejua, na binti yako aambiwe kabla ili aage. Nyama yenye dawa ni jambo tofauti. Mbwa hufa kwa uchungu mrefu, paka wa jirani hula mabaki, na kuna mtoto wa miaka 5 katika ua huo. Tena binti yako analala kwenye dirisha linalotazama kibanda. Ataona.

Hili la mbwa aliyeonja damu nimelisikia tangu utotoni. Damu haimgeuzi. Kinachoweza kumfanya aume tena ni kwamba kuuma kulifanya kazi: mtoto aliondoka, jambo ambalo miayo yote haikuweza kulileta. Kwa hiyo mama mkwe ana haki ya kuogopa, hata kama sababu anayoitaja siyo. Msikilize hofu yake kabla ya kumsahihisha. Alimzika mwana, na sasa ameona damu ya mjukuu.

Na wifi, mpigie wewe, usisubiri yeye. Usianze na habari za mbwa. Anza na mkono wa mtoto, na tarehe ya sindano inayofuata, na kwamba utampeleka mwenyewe. Mwambie pia kwamba mafuta ya taa yalikuwa kosa na ulikuwepo. Huenda swali lake la mbwa na mwanawe likapungua uzito akishajua kwamba mwanawe alihesabiwa.

Mwanangu, katika barua yako kuna mahali umeandika, "Mimi nimenyamaza tu." Kila mtu katika nyumba hiyo ameshasema anachotaka, hata wa miaka 12. Boma ni lako na watoto ni wako. Sijui kama kunyamaza kwako ni heshima kwa mama mkwe, ama ni deni la karo, ama ni kwamba tangu Julai ile hakuna aliyekuuliza. Laiti ungejiuliza hilo kabla ya kuamua la Simba, maana nahofia shauri lolote litakalokatwa ukiwa umenyamaza litakulemea wewe baadaye, liwe zuri au baya.

Kabla ya kukaa na wakubwa, kaa kwanza na binti. Chukueni viti viwili, jioni, mbali na kibanda, mahali Simba hawezi kuwafikia. Mwombe radhi kwa ile Jumamosi ulipomwambia aingie ndani. Kisha umwombe akuonyeshe. Mwache akutajie: sasa amegeuza uso, sasa amejikung'uta kama aliyetoka majini ilhali ni mkavu, maana yake alikuwa amekazika na sasa analegea. Atakuonyesha pia yale mazuri, ile namna ya kuinama mbele na kubakisha makalio juu, kama bado Simba ana viungo vya kufanya hivyo. Na mvulana afundishwe na dada yake, kwa maneno ya kitoto: mbwa akilala, akila, akigeuza uso, tunamwacha. Akifuatwa na mbwa yeyote barabarani, asimame kama mti, mikono chini, macho ardhini, asikimbie. Hayo atayahitaji hata kama Simba hayupo, kwa kuwa Kiamunyi ina mbwa wengi.

Usimwahidi binti kwamba Simba ataishi. Mwahidi kwamba hakuna litakalofanywa usiku bila yeye kujua.

Niandikie daktari akishaugusa ule mguu wa kushoto. Na uniambie mtoto wa wifi amefika sindano ya ngapi.